Wajibu wa Anayefunga Furushi: Mhadhara juu ya Tar na Upatanifu wa Mifumo ya Unix

Mhadhara huu unahusu swali ambalo watunza kumbukumbu na mafundi wa kompyuta wameulizana kwa zaidi ya miaka 40: tepu iliyoandikwa kwenye mfumo mmoja wa Unix ikikataa kusomeka kwenye mfumo mwingine, kosa ni la nani, na dawa yake iko wapi? Amri inayohusika ni tar. Ilitoka pamoja na Toleo la Saba la Unix, lililotolewa na Bell Labs nchini Marekani mwaka 1979, ikachukua nafasi ya amri ya awali iliyoitwa tp. Kazi yake yaelezeka kwa sentensi moja: huchukua mafaili mengi, huyapanga moja baada ya jingine, kila moja huliwekea kichwa chenye jina, ukubwa, mmiliki na tarehe, kisha huuandika mfululizo wote kwenye tepu ya sumaku ukawa furushi moja. Kazi nyepesi namna hiyo haikutarajiwa kuzaa ugomvi. Lakini Unix haikubaki moja. Sun, Hewlett-Packard, IBM na Silicon Graphics walitengeneza Unix zao. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikawa na yake. Mradi wa GNU ukaandika programu zake upya. Baadaye ikaja Linux. Kila mmoja aliichukua tar akaiongezea alichokihitaji, hata jina likabaki moja ilhali mafurushi yamekuwa ya namna nyingi.

Dai ninalolitetea ni hili: upatanifu wa furushi huamuliwa siku linapofungwa. Anayesoma ana mbinu nyingi za kuokoa, nami nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa zina manufaa. Hata hivyo mbinu hizo zina mpaka, na mpaka huo umewekwa na yule aliyeandika. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa anayefunga, na taasisi yoyote inayotunza kumbukumbu inapaswa kuupanga utaratibu wake kwa kuanzia hapo.

Wapo wanaodhani kwamba tepu ni habari ya kale. Ushahidi hauko upande wao. Tepu za LTO zilizoanza kuuzwa mwaka 2000 zikiwa na uwezo wa gigabaiti 100 zilifikia terabaiti 18 katika kizazi cha tisa, kilichotoka mwaka 2021, na taasisi zenye data nyingi zinaendelea kuzitumia. Zaidi ya hapo, muundo wa tar umeihama tepu ukasambaa kila mahali: msimbo wa kiini cha Linux husambazwa katika mafurushi ya tar, vifurushi vya programu vya Debian vina tar ndani yake, vifurushi vya npm ni tar iliyobanwa, na tabaka za kontena za Docker ni tar vilevile. Kijana anayepakua programu leo akiwa Nairobi au Dar es Salaam anafungua mafurushi hayo kila siku hata kama hajawahi kushika tepu. Tena kumbukumbu nzito zimeokolewa kutoka kwenye tepu. Henry Spencer, aliyekuwa katika idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, alihifadhi majadiliano ya mtandao wa Usenet ya kuanzia mwaka 1981 hadi 1991 katika tepu 141. Zilipokuja kusomwa zilitoa zaidi ya ujumbe milioni mbili, na Google ikauweka hadharani mwezi Desemba 2001. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya muongo ule isingekuwepo leo lau tepu zile zingeshindwa kufunguka.

Ili dai langu lieleweke, lazima kwanza tuelewe kwamba tatizo la upatanifu si moja. Kuna tabaka tano, na kila tabaka linaweza kukwama peke yake. La kwanza ni tepu yenyewe na kiendeshi kinachoisoma. La pili ni ukubwa wa bloku, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kwa mkupuo mmoja. La tatu ni mpangilio wa baiti. La nne ni muundo wa vichwa vya mafaili. La tano ni maana ya yale yaliyomo katika vichwa hivyo: majina, wamiliki, ruhusa na viungo. Fundi anayepata ujumbe kwamba hili si furushi la tar huelekea kuilaumu tar, kumbe ujumbe huohuo hutokea tabaka la pili au la tatu linapokosewa, wakati furushi lenyewe ni zima kabisa. Ndiyo maana utatuzi hufuata tabaka kutoka chini kwenda juu, na kila tabaka huhakikiwa kabla ya kuligusa linalofuata. Anayeruka tabaka hupoteza siku nzima akibadilisha programu, na kila mara anapoipitisha tepu kuukuu kwenye kiendeshi anaichakaza zaidi.

Tabaka la kwanza halina mjadala mrefu, ila ndilo lisilosamehe. Kiendeshi cha kizazi kipya hakisomi kila kizazi kilichokitangulia. Katika LTO, kanuni ya vizazi vya mwanzo ilikuwa kusoma vizazi viwili vya nyuma, lakini kiendeshi cha kizazi cha nane husoma cha saba tu, hakisomi cha sita. Katika tepu za DDS za milimita 4, baadhi ya viendeshi vilibana data ndani kwa ndani wakati wa kuandika, na kiendeshi kisicho na uwezo huo hakiwezi kuifungua tepu kama hiyo, hata kama inaingia vizuri na kuzunguka bila kelele. Hapa hakuna amri ya Unix itakayosaidia. Aliyeandika angezima ubanaji wa kiendeshi, au angeandika kwenye jalada kwamba ameutumia, tatizo lingemalizika kabla ya kuanza.

Tabaka la pili ndilo lililowasumbua wengi zaidi. Tar hugawa kila kitu katika vipande vya baiti 512, kisha hukusanya vipande kadhaa na kuviandika kama bloku moja. Kwa kawaida hukusanya 20, ambavyo ni baiti 10,240. Lakini mwandikaji aweza kuongeza idadi hiyo ili tepu iende kwa kasi: watumiaji wa Sun walizoea 126, yaani baiti 64,512, na wengine walivuka hapo. Kwenye tepu inayokubali bloku za ukubwa wowote, msomaji analazimika kuwa na nafasi isiyopungua bloku iliyoandikwa. Akija na nafasi ndogo, Linux humjibu kwamba kumbukumbu haitoshi, jibu linalomfanya aikague RAM ya kompyuta yake bure. Dawa ni kuiita amri ya dd na kuipa nafasi kubwa, kwa mfano kilobaiti 256, isome bloku moja tu. Idadi ya baiti itakazorudisha ndiyo ukubwa wa bloku aliotumia mwandikaji. Ukiigawa kwa 512 unapata namba ya kuipa tar, na mara nyingi tepu iliyokuwa bubu inasema papo hapo. Upo pia mtego wa upande wa pili: tepu za robo inchi zilizojulikana kama QIC kwa kawaida hutumia bloku zisizobadilika za baiti 512, na kiendeshi kilichowekwa katika hali moja hakisomi vyema tepu ya hali nyingine mpaka amri ya mt itumike kukibadilisha.

Katika tabaka hilihili kuna suala la mahali tepu inaposimama. Tepu moja huweza kubeba mafurushi kadhaa yaliyotenganishwa kwa alama, na msomaji hutumia jina la kifaa lisiloirudisha tepu mwanzoni. Linux hukiita kifaa hicho nst0, Solaris ya Sun hukiita rmt/0n, AIX ya IBM hukiita rmt0.1. Tofauti ya majina si shida kubwa. Shida ni tofauti ya tabia. Furushi likishasomwa na kifaa kufungwa, mifumo yenye asili ya tawi la Unix liitwalo System V huipeleka tepu mbele mpaka baada ya alama inayofuata, ilhali ile yenye asili ya Berkeley huiacha palepale iliposimama. Solaris ilibeba tabia zote mbili chini ya majina mawili ya kifaa kilekile. Utaratibu uliojaribiwa kwenye mfumo mmoja, ukihamishiwa kwenye mwingine bila kubadilishwa, huweza kuruka furushi zima au kurudisha furushi tupu, na fundi akahitimisha kwamba tepu haina kitu. Tepu nyingi zenye mali zaweza kutupwa kwa hukumu ya namna hiyo.

Tabaka la tatu ni mpangilio wa baiti. Kompyuta hazikubaliani ni baiti ipi itangulie katika namba yenye baiti zaidi ya moja. Waliobuni tar waliliepuka tatizo hili kwa uamuzi wa busara: namba zote za kichwa zinaandikwa kwa tarakimu za kawaida za maandishi, katika hesabu ya msingi wa nane, hivyo hazitegemei tabia ya kompyuta yoyote. Hata hivyo baadhi ya vidhibiti vya tepu vilibadilishana nafasi za kila baiti mbili vilipokuwa vikiandika. Kwenye mifumo ya IRIX ya Silicon Graphics, kifaa cha kawaida cha tepu za QIC kilifanya hivyo, na ilibidi kuchagua kifaa kingine ili baiti zibaki kama zilivyo. Dalili zake ni rahisi kuzitambua kwa anayetazama maandishi yenyewe kwa amri ya od: saraka iliyoitwa barua/ itaonekana kama abur/a. Kupitisha data kwenye dd kwa chaguo la swab kunarudisha kila baiti mahali pake. Tofautisha na cpio, ndugu wa tar aliyetoka katika tawi jingine la Unix mwaka 1977. Muundo wake wa awali uliandika namba za kichwa moja kwa moja kama zinavyokaa ndani ya kompyuta, hivyo furushi la kompyuta ya PDP-11 halikueleweka kwenye kompyuta yenye mpangilio mwingine mpaka libadilishwe. Kulikuwa na chaguo la kuandika vichwa kwa maandishi, lakini lilikuwa chaguo, na wengi hawakulitumia. Hapa tunaona kwa mara ya kwanza, bila utata, jinsi uamuzi wa siku ya kufunga unavyoamua gharama ya siku ya kufungua.

Tabaka la nne ndilo kitovu cha hoja. Kichwa cha tar ya mwaka 1979 kina baiti 512, na ndani yake jina la faili lina nafasi ya baiti 100, ukubwa una nafasi ya tarakimu 11 za msingi wa nane, na ipo jumla ya uhakiki inayotokana na kujumlisha baiti zote za kichwa. Tarakimu 11 za msingi wa nane zinafika gigabaiti 8 na kukoma. Mwaka 1979 hakuna aliyeota faili la ukubwa huo. Mwaka 1988 kiwango cha POSIX kilileta muundo ulioitwa ustar: uliongeza jina la mmiliki na la kikundi kwa maandishi, pamoja na sehemu ya kutangulia jina yenye baiti 155, hivyo njia ndefu ikapata nafasi mradi iweze kukatwa mahali penye mkwaju. Ulikuwa muundo mwema, kwa sababu tar ya zamani iliweza kuusoma bila kujua kwamba ni mpya. Lakini mradi wa GNU ulikuwa umeanza mapema, kwa kufuata rasimu ya kiwango hicho, ukaamua kushughulikia majina marefu kwa namna yake: faili la bandia liitwalo @LongLink linatangulia, likiwa limebeba jina kamili. Sun nao, katika Solaris, wakaongeza vichwa vyao vilivyotambulishwa kwa herufi X.

Angalia sasa kinachotokea nyongeza hizo zinapokutana na msomaji asiyezijua. Tar ya zamani ya Solaris ikipewa furushi la GNU lenye majina marefu, hutengeneza faili liitwalo @LongLink ambalo hakuna aliyeliomba, kisha huliandika faili halisi kwa jina lililokatwa kwenye baiti ya 100. Ikiwa mafaili mawili yanafanana katika baiti 100 za mwanzo, la pili hulifuta la kwanza. Si lazima ionekane ishara yoyote ya hatari, na anayefungua anaona kazi imekamilika. Katika cpio ya vichwa vya maandishi kulikuwa na mtego unaolingana na huo: namba ya utambulisho wa faili ilipewa tarakimu sita za msingi wa nane, kwa hiyo haikuweza kuzidi 262,143. Diski zilipokua, namba kubwa zilikatwa, na mafaili mawili yasiyohusiana yakaweza kuonekana kama faili moja lenye majina mawili. Jumla ya uhakiki nayo ilikuwa na kasoro yake. Baadhi ya mifumo ilizihesabu baiti kuanzia 0 hadi 255, mingine kuanzia hasi 128 hadi 127. Kwa majina yenye herufi za ASCII tupu majibu yalilingana, na jina lilipokuwa na herufi nje ya hizo hayakulingana, msomaji akakikataa kichwa kilichokuwa sahihi.

Mwaka 2001 POSIX ilijaribu kumaliza mgogoro kwa muundo wa pax, ambao huhifadhi taarifa za ziada katika vichwa vya maandishi vya UTF-8, kila taarifa ikiwa na ufunguo na thamani yake, bila kikomo cha urefu wa jina wala ukubwa wa faili. Ni muundo bora kuliko yote niliyoitaja. Tena umeheshimu kanuni ya kumfikiria msomaji dhaifu: tar isiyoufahamu hukiona kichwa cha ziada kama faili la kawaida, ikaliandika pembeni, na maudhui ya mafaili mengine yanabaki salama, ingawa jina refu bado linaweza kupotea. Jambo la kujifunza ni kwamba kiwango kizuri kilichelewa kwa zaidi ya miaka 20 tangu tar kuzaliwa, na katika muda huo tepu zilikuwa zinaandikwa kila usiku. Kiwango hakibadilishi kilichokwisha kuandikwa.

Hapa inakuja pingamizi la kwanza, na lina nguvu. Wapo wanaosema kwamba programu za kisasa husoma kila kitu. Tar ya GNU inaijua miundo ya kale. Maktaba ya programu ya libarchive, iliyoanzia katika mfumo wa FreeBSD na ambayo leo ndiyo injini ya tar ya macOS, hutambua muundo wa tar au cpio yenyewe bila kuambiwa. Hesabu zote mbili za jumla ya uhakiki zinakubaliwa. Kwa nini basi kumtwisha mwandikaji mzigo? Nakubali kwamba programu hizo ni neema, na mtu anayeshindwa kufungua furushi kwa tar iliyokuja na mfumo wake wa zamani afanye haraka kutafuta mojawapo. Lakini tuangalie mpaka wake. Programu ya kisasa inaweza kufasiri kilichoandikwa, haiwezi kurudisha kisichoandikwa. Jina lililokatwa wakati wa kufunga limekwisha kupotea. Ubanaji wa kiendeshi uko chini ya programu yoyote ya tar. Tepu yenye furushi lililobanwa lote kwa gzip ikipata doa dogo katikati, kilicho baada ya doa huwa hakisomeki kwa njia ya kawaida, wakati katika tar isiyobanwa msomaji hukiruka kipande kibovu, akatafuta kichwa kinachofuata na kuendelea. Na si kila mahali mtu ana ruhusa ya kuweka programu mpya: mashine inayoendesha mitambo au hifadhidata ya zamani mara nyingi inabaki na tar iliyozaliwa nayo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Ukimtaka mwandikaji atumie muundo wa kimaskini ambao kila mfumo unauelewa, unamlazimisha aache taarifa za maana: orodha za ruhusa za kina, sifa za ziada za mafaili, muda wenye sehemu za sekunde, mafaili yenye matundu ambayo yakijazwa hufurika diski. Pingamizi hili ni la kweli, na anayelijibu kwa kulipuuza hajawahi kurejesha seva nzima. Jibu langu ni kutofautisha makusudi. Nakala ya akiba inayokusudiwa kuirudisha seva ileile, kwenye mfumo uleule, na itumie zana za mfumo huo na kubeba kila kitu. Furushi la kuhamishia data kwa mwingine, au la kutunzwa kwa miaka mingi, lina kusudi tofauti: maudhui yafike, na yajulikane ni nini. Kwa hilo ustar yatosha mara nyingi, na panapohitajika zaidi kuna pax. Libarchive yenyewe imeonyesha kwamba njia ya kati ipo: inapoandika kwa muundo wa pax uliowekewa mipaka, hutumia vichwa vya ustar kwa kila faili linalotosha humo, ikaongeza vichwa vya pax pale tu panapolazimu. Huo ndio mwenendo wa mwandikaji anayemfikiria msomaji asiyemjua.

Pingamizi la tatu ni la haki zaidi kuliko la kiufundi: inakuwaje tumdai mtu aliyefunga furushi mwaka 1990 ajue mashine zitakazokuwepo baada ya miaka 30? Hatumdai ajue. Kati ya mambo yote niliyoyaeleza, ukubwa wa bloku, kifaa kilichotumika, muundo, ubanaji, hakuna hata moja lililohitaji utabiri. Yote aliyajua usiku uleule, kwa kuwa yalikuwemo katika amri aliyoiandika. Yeye aliyajua bure. Msomaji anayatafuta kwa kubahatisha, na kila jaribio linaichosha tepu. Mizani ya haki inaelemea wazi upande wa kumwomba aliyejua aandike mstari mmoja. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nafaka iliyotunzwa vyema walisema kweli. Akiba ya data inaoza kwa njia mbili: sumaku inapofifia, na ujuzi wa namna ilivyofungwa unapokufa na aliyeifunga. Njia ya pili inazuilika kwa kalamu.

Kutokana na hayo, wajibu wa anayefunga furushi la kuhama au la kudumu unaweza kutajwa bila kumung'unya maneno. Achague muundo kwa kuutaja kwenye amri, asiuachie mfumo umchagulie, kwa maana chaguo la kawaida hutofautiana baina ya mfumo na mfumo, na hata baina ya toleo na toleo. Atumie bloku ya kawaida ya baiti 10,240 isipokuwa ana sababu, na sababu yake aiandike. Majina ya mafaili yaanzie kwenye saraka aliyomo na si kwenye mzizi wa mfumo, kwa kuwa tar za zamani zilikubali njia kamili na zikayaandika mafaili ya mgeni juu ya mafaili ya mwenyeji. Akiwa kwenye macOS, azime mafaili ya ziada yanayoanza kwa nukta na mstari wa chini, ambayo Unix nyingine hazina kazi nayo. Asilibane furushi zima; ikilazimu, abane faili mojamoja, ili doa moja liharibu faili moja. Kwenye mwanzo wa tepu aweke faili dogo la maandishi lenye orodha ya yaliyomo, jumla za uhakiki za SHA-256 na amri kamili iliyotumika, na maelezo hayohayo yaandikwe kwa wino kwenye jalada, kwa sababu faili lililo ndani ya tepu halimsaidii anayeshindwa kuifungua. Mwisho, tepu isomwe kwenye mashine nyingine, ikiwezekana ya mfumo mwingine, kabla mafaili ya asili hayajafutwa.

Majina ya mafaili, ambayo ni ya tabaka la tano, yanastahili neno la ziada kwa wasomaji wa Kiswahili. Kiswahili cha herufi za Kilatini kina bahati: hakihitaji herufi yoyote nje ya ASCII, kwa hiyo majina yetu yanapita salama hata kwenye tar ya mwaka 1979. Lakini lugha hii ina hazina nyingine, ya miswada iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika pwani ya Afrika Mashariki. Anayehifadhi picha za miswada hiyo akitaka kuyaita mafaili kwa hati ileile, ajue kwamba kila herufi hula baiti mbili katika UTF-8, hivyo nafasi ya baiti 100 inatosha herufi 50 tu, na kwamba ustar haisemi baiti hizo ni za hati gani. Kazi kama hiyo inadai pax, au majina mafupi ya Kilatini yakiambatana na orodha ya majina kamili. Uamuzi wowote kati ya hayo mawili unafaa. Kisichofaa ni kutoamua, halafu anayefungua furushi akakuta utenzi umepoteza jina lake.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa maktaba, hospitali, vyuo na ofisi za takwimu waache kuuliza tu kama nakala ya akiba imechukuliwa. Swali hilo hujibiwa ndiyo kila asubuhi na halithibitishi kitu. Waulize nani mwingine, asiyekuwepo wakati wa kufunga, ameifungua nakala hiyo, kwenye mashine gani, kwa maelekezo yapi. Mpaka jibu lipatikane, taasisi ina tepu kabatini na haina bado kumbukumbu. Gharama ya kulipata ni ndogo: mashine ya pili, saa chache, na karatasi moja ya maelezo. Gharama ya kutolipata hulipwa na watu ambao hawakushirikishwa katika uamuzi wowote, wakifanya kazi miaka mingi baadaye kwa vifaa tusivyovijua. Tunawadai uvumilivu mwingi watu hao. Haki yao ni kwamba sisi tuliojua tuwaachie tulichokijua.